Jibu: Oili inavuja juu ya injini ya IST

Mkuu, kama mashimo ya plagi yamejaa oili na unasikia harufu ya kuungua ukiwa kwenye foleni, anza na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini). Usikubali kushushiwa injini kwa hilo!

Injini ikipoa, toa koili zilizokaa juu ya plagi, fungua boliti za kava kwa spana namba 10, safisha mabaki yote bila kuchubua aluminiamu. Gasketi mpya ikae sawasawa kwenye mfereji wake. Kwa 1NZ (aina ya injini ya IST), pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, pande zote mbili, paka silikoni ya kuzibia kidogo. Mafundi wengi huruka hapo, na oili inaanza tena palepale. Kaza kwa zamu, taratibu: Nm 10 (newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) tu, ukizidisha boliti inakatika.