Jibu: Wastani wa KCPE kushuka baada ya 2003
Habari ndugu. Umeuliza ufanyeje: umekwama kwa kuwa wastani wa KCPE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Kenya, wilayani mwako unashuka baada ya 2003, na msimamizi wako wa utafiti hakubali uandike kwamba elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza mwaka huo, iliharibu shule. Nilikwama hapohapo.

Angalia kwanza mwaka. Aliyeanza darasa la kwanza 2003 alifika la nane 2010, hivyo watahiniwa wa 2004 karibu wote walikuwa shuleni tayari kabla ya 2003. Kisha hesabu vichwa. Mwaka 2003 wanafunzi wa msingi Kenya walitoka takriban milioni 5.9 hadi 7.2, na wengi wa walioongezeka ni watoto wa maskini ambao zamani hawakuwamo hata kwenye jedwali lako! Huwezi kuwahesabu kama hasara.

Tena alama za KCPE zilisawazishwa kila mwaka ili wastani wa taifa ubaki karibu palepale, kwa hiyo wastani huo hautakupa kitu. Linganisha wilaya zilizokuwa na watoto wengi nje ya shule 2002 na zile zilizokuwa na wachache. Mimi hapo ndipo nilipojikwamua. Takwimu za Uwezo, utafiti wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, pia zinafaa, kuanzia 2009, maana uliwapima watoto majumbani, hata wasioenda shule.

Shule za binafsi sijawahi kuzifanyia kazi, aliyezigusa akusaidie.