Miguu minane ya Sleipnir si kosa la mtoto

Mnasema mtoto aliyechora Sleipnir na Waviking amemzidishia farasi huyo miguu minne. Ni minane kweli, hakukosea kuhesabu, kwa hiyo tafadhali msifute hiyo minne kwenye mchoro wake. Sleipnir, farasi wa Odin, mungu mkuu wa masimulizi ya kale ya Skandinavia, ana miguu minane katika masimulizi yenyewe. Snorri Sturluson wa Iceland aliandika hivyo kwenye Edda, kitabu chake cha masimulizi hayo, karne ya 13. Mama yake Sleipnir ni Loki, mhusika wa kiume aliyejigeuza farasi jike.

Na kuna picha ya kale kuliko kitabu hicho: jiwe la Tjängvide kutoka kisiwa cha Gotland, Sweden, ambalo sasa liko Makumbusho ya Historia, Stockholm. Farasi wake ana miguu minne mbele na minne nyuma, na mbele ya mpandaji kuna mwanamke anayempokea na pembe ya kinywaji. Wataalamu hawajakubaliana kama mpandaji ni Odin mwenyewe au ni marehemu anayefika Valhalla, ukumbi wa Odin wa wapiganaji waliokufa, ila miguu inahesabika wazi.

Nami huwa nasaidia warsha za watoto. Tukikata farasi huyu kwenye boksi, tunabandika miguu jozi jozi kama kwenye jiwe, na anasimama vizuri kuliko wa miguu minne.

Cha kurekebisha ni zile kofia zenye pembe ambazo mtoto amewavika Waviking. Kofia ya Waviking ya Gjermundbu, iliyopatikana Norway mwaka 1943, ni ya chuma, ina kinga ya macho kama miwani, na haina pembe.