Jibu: Jaketi la foili halisomi mguso chini ya kwapa
Ndugu, umeuliza kuhusu jaketi la foili, lile vazi la nyuzi za chuma linalosoma mguso wa silaha kwa umeme kwenye mchezo wa vitara (fencing). Kama mguso unapotea chini ya kwapa la mkono wa silaha tu, jasho limeshakula nyuzi za chuma hapo. Usikimbilie kushona kiraka. Lifue kwanza kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza sana, anika bila kukamua. Kukamua ndiko kunakokata nyuzi. Likikauka, pima omu (ukinzani wa umeme), kila ncha ya mita ya umeme ikandamize sarafu safi juu ya kitambaa, maana ncha tupu hutoboa na kudanganya. Kikomo cha FIE, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ni omu 5. Ikizidi, kata kiraka kwenye jaketi kuukuu, sehemu uliyoipima ukaiona nzima, kizidi doa bovu sentimita 2 kila upande. Uzi wa kawaida unatosha, ila mishono ibanane: kiraka kikilegea, mguso unakatika. Doa la kijani, yaani kutu, halifufuki, lifunike tu.