Nani atakushika mkono chuoni

Mdogo wangu, umeniuliza kama ni kweli kwamba mwanamume mweusi anayependa wanaume wenzake, akifika chuo kikuu cha Marekani, hupata mara moja watu wa kumlea kitaaluma, kwa kuwa huku hakuna sheria ya kumtisha kama hapo Kenya, ambako kifungu cha 162 cha sheria ya jinai hutumika kuharamisha mapenzi hayo. Sitakuficha: sheria ya huku ilinipa usingizi, lakini haikunipa mlezi, na miaka miwili ya kwanza ya uzamivu niliipitisha katika upweke ambao sikuwahi kuujua Mombasa.

Katika chama cha wanafunzi wa Kiafrika nilificha nusu yangu. Katika ofisi ya wanafunzi wapenzi wa jinsia moja nilikuwa mweusi peke yangu, na hakuna aliyeelewa kwa nini niliogopa mama asije akaona picha zangu. Msimamizi wa tasnifu alisoma sura zangu kwa wakati, nami namshukuru, ila hakujua angeanzia wapi kunishauri niseme nini, na ninyamaze lini, mbele ya jopo la ajira.

Aliyenishika mkono ni profesa mzee, Mmarekani mweusi wa idara nyingine kabisa, anayeishi na mume wake. Alinifundisha kukataa kamati ya tatu na ya nne, kwa sababu vyuo hupenda kuonyesha sura zetu kila mahali, kisha vikatuuliza mbona hatujachapisha makala. Ni yeye pia aliyenisimulia habari za Alain Locke, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Rhodes wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 1907, ambaye baadaye alifundisha falsafa Chuo Kikuu cha Howard na kuwainua waandishi chipukizi kama Langston Hughes na Countee Cullen, huku mapenzi yake kwa wanaume yakijulikana na wachache tu aliowaamini.

Profesa hakumpamba. Locke alichanganya ulezi na matamanio yake kwa baadhi ya vijana aliowasaidia, na kijana anayehitaji barua ya mkubwa hawezi kumkatalia kwa urahisi. Hilo lishike sana, maana huku pia wapo wa namna hiyo, na ukarimu wao huanza vizuri.

Locke alifariki mwaka 1954 bila mtoto, na majivu yake hayakuzikwa mpaka 2014, baada ya wasomi weusi waliopata ufadhili uleule nyuma yake kuchanga fedha, wakamzika katika makaburi ya Congressional, Washington. Profesa alinipeleka pale, nami nililia.

Kwa hiyo unapochagua chuo, tafuta mtu kabla ya kutafuta ofisi; huko Texas sheria imefunga ofisi za kuhudumia makundi kama yetu katika vyuo vya umma tangu Januari 2024. Rasimu ya maombi yako nitumie wiki hii. Nitaisoma mimi, na mzee amekubali kuisoma baada yangu.