Minde Asiyeonekana Msituni

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha kutunza msitu wa Mlima Rungwe kimekagua bonde moja mara tano bila kumwona minde, mnyama wa jamii ya swala aishiye msituni, wala dalili zake. Mtaalamu wa wanyamapori ametukataza kuandika kwamba hayupo, akisema bado kuna uwezekano wa asilimia 14 kwamba yupo. Ameipataje namba hiyo? – Msomaji, Tukuyu.

JIBU: Ndugu msomaji, mtaalamu huyo amewashauri vyema. Minde hutembea zaidi usiku na hujificha kwenye vichaka vizito, hivyo kutomwona na kutokuwapo kwake ni mambo mawili ambayo hayana budi kupimwa kila moja peke yake. Kumbukeni kwamba misitu ya Rungwe ilimhifadhi pia kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu, ilhali wawindaji wa huko walikwisha kumjua.

Bila shaka alianza hivi: minde akiwapo, ukaguzi mmoja humgundua kwa uwezekano wa asilimia 30, maana yake humkosa kwa 0.7. Kumkosa mara tano mfululizo ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani 0.168. Ikiwa kabla ya ukaguzi uwezekano wa kuwapo na kutokuwapo ulikuwa nusu kwa nusu, basi “yupo lakini tumemkosa” ina uzito wa 0.084, na “hayupo” ina 0.5, gawanya 0.084 kwa jumla ya 0.584, utapata asilimia 14.

Hiyo asilimia 30 nayo hukadiriwa kwa kurudia ukaguzi katika maeneo mengi, kwa sababu pale mnyama alipogunduliwa walau mara moja, safari zilizomkosa huonyesha jinsi alivyo mgumu kuonekana. Mtaalamu wa takwimu MacKenzie na wenzake waliichapisha njia hii mwaka 2002. Inadai kwamba katika kipindi chote cha ukaguzi hali ya eneo isibadilike, yaani mnyama asihamie wala asihame, na kwamba kinyesi cha mnyama mwingine kisihesabiwe kuwa cha minde. Kosa hili la pili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwani huharibu hesabu nzima.

Kwa hiyo nawasihi mwandike kila safari kivyake, hata ile iliyorudi mikono mitupu, pamoja na tarehe, saa na njia mliyopita. Mkikagua mara tano nyingine bila kumpata, uwezekano huo utashuka chini ya asilimia 3.