Mwarobaini na dhahabu vinatibu saratani?

SWALI: Shikamoo dokta. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp inasema wanasayansi wametengeneza dawa ya saratani kwa majani ya mwarobaini na dhahabu, haina kemikali yoyote. Mama mdogo ana saratani ya titi, kashaanza dripu za kemo, sasa anataka aache abaki na mwarobaini tu. Ni kweli au uzushi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe pole sana mama mdogo. Kabla ya yote mwambie asiache kemo, tafadhali.

Hiyo klipu imeokota jambo la kweli ikalipindisha. Mwaka 2004 timu ya Murali Sastry kule Pune, India, ilitumia maji ya majani ya mwarobaini kutengeneza chembe za nano, yaani vipunje vidogo mno visivyoonekana kwa macho, za dhahabu na fedha, na 2009 timu ya Kattesh Katti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, ikafanya hivyo kwa majani ya chai. Yaani una maji yenye chumvi ya dhahabu, ya njano iliyopauka, unatia chai, muda si mrefu yanageuka mekundu kama juisi ya rozela, hapo ujue chembe zimeshatokea. Polifenoli, yaani kemikali za asili za kwenye chai, zinaipa dhahabu elektroni, dhahabu inajikusanya kuwa chembe, halafu polifenoli hizohizo zinaizunguka kila chembe zisije zikagandana. Kwa njia ya kawaida kazi hiyo mara nyingi inafanywa na kemikali ya maabara iitwayo sodiamu borohaidraidi, au wanatia CTAB, kemikali ya kuzuia chembe zisigandane ambayo ni sumu kwa seli, ndo maana njia ya majani inapendwa, taka zake ni nafuu kwa mazingira.

Ila kusema haina kemikali ni uongo, ile chumvi ya dhahabu inatokana na dhahabu iliyoyeyushwa kwa tindikali kali na inaunguza, mtu asijaribu nyumbani hata kidogo.

Na jani hapo ni la kutengenezea tu. Mwaka 2012 kina Katti walichukua chembe za dhahabu yenye mionzi, zimefunikwa na EGCG, polifenoli ya kwenye chai inayonasa kwenye seli za saratani ya tezi dume, wakazichoma moja kwa moja ndani ya uvimbe wa panya. Baada ya saa 24 kama asilimia 72 ya dhahabu hiyo ilikuwa bado imo humo, na baada ya siku 28 uvimbe ulikuwa mdogo kwa asilimia 80 hivi kuliko wa panya wasiotibiwa. Sasa angalia, ni panya, ni sindano, na kilichoua seli za saratani ni mionzi. Hakuna aliyekunywa kitu.

Chembe hizo ukizipitishia kwenye damu ndo kazi ipo. Timu ya Warren Chan wa Toronto ilipitia tafiti za miaka 10, ikatoa majibu 2016: kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ndo inafika kwenye uvimbe, nyingi zinadakwa na ini na wengu. Halafu majani yenyewe hayafanani, ya masika na ya kiangazi yana kemikali tofauti, kwa hiyo kupata chembe za saizi ileile kila mara ni shughuli.

Kama mama mdogo kashaanza kunywa mwarobaini amwambie daktari wake wazi bila kuogopa, maana mitishamba mingine inavuruga jinsi ini linavyoshughulikia dawa. Na kama kinachomkatisha tamaa ni kutapika aseme kliniki, dawa za kuzuia zipo, na hata dozi ya kemo daktari anaweza kuiangalia upya.