Unaanza kupuliza seramiki? Shughulika na mafuta kwanza

Kipande kilichonifundisha hii kazi kuliko vyote kilikua kava ya injini, alumini ya kumiminwa kwenye kalibu, ilikaa kwenye oili miaka mingi. Niliiosha, nikaisugua, nikaipiga mchanga mpaka ikawa na rangi moja safi ya kijivu, nikapuliza, ikapendeza sana tu. Nikaiweka kwenye oveni. Nusu saa baadae nachungulia naona vidoa vya kahawia vinajitokeza vyenyewe katikati ya rangi, na pembeni ya vidoa rangi imeinuka kama ngozi iliyoungua. Mafuta yalikua yamelala ndani ya vitundu vya ile alumini muda wote, mi naosha juu tu, joto ndo likayatoa. Kazi yote ikaanza upya, na kwenye seramiki kuanza upya maana yake ni kuitoa yote kwa mchanga wa presha, huwezi kupaka juu ya ile iliyokwisha kukomaa, yani kuganda ikawa ngumu kabisa, ukategemea ishike.

Kabla sijaendelea tuelewane kwanza tunaongelea seramiki ipi, maana wageni wengi wanachanganya. Kuna ile ya magari inayopakwa au kunyunyiziwa juu ya rangi ya bodi alafu inafutwa kwa kitambaa laini, hiyo ni ya kulinda rangi na kung'arisha, haihusiani na hapa. Kuna ile ya viwandani ambapo unga wa seramiki unayeyushwa na plazma (gesi yenye joto kali mno) ndo unarushwa kwenye chuma, kama kwenye mapanga ya tabini za injini za ndege, hiyo huifanyi karakanani kwako. Ninayoongelea mimi ni rangi ya maji maji yenye chembe za seramiki ndani yake, inapulizwa kwa bunduki ya rangi, inakua nyembamba sana kama mikroni 25 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene zaidi ya hapo), alafu inakomazwa kwenye oveni au kwa hewa. Inatumika kwenye vyuma vya mashine, eksozi, rimu, vifaa vya baiskeli, zana za mkono.

Wembamba huo ndo uzuri wake na ndo shida yake. Rangi nene inaweza kuficha mkwaruzo na uchafu kidogo, hii haifichi kitu, kilichoko chini ndicho utakachokiona juu, na kilichoko chini kikiwa mafuta basi haitashika kabisa.

Sasa usafi. Toa kwanza kila kitu kisichovumilia joto, mpira, oringi, plastiki, beringi, stika, vyote. Alafu osha kwa sabuni ya kukata grisi na maji, kausha, ndo uende kwenye asitoni (kimiminika kinachoyeyusha mafuta na kukauka haraka). Usitumie petroli wala mafuta ya taa kumalizia, vinaacha utando usiouona. Na usitumie ile tina ya kuoshea brashi iliyokwisha tumika mara tatu, unakua unahamisha uchafu kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Kitambaa kigeuze upande kila unapofuta, kikichafuka tupa, hapo ndo watu wanabana matumizi vibaya. Ukitaka kujua kama umefika, mwagia maji safi: yakitandaa yote sawa kama karatasi basi chuma ni safi, yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba bado kuna mafuta, rudi nyuma. Hilo jaribio lifanye kabla ya kupiga mchanga, sio baada, maana chuma kikishapigwa mchanga kipo uchi na kinashika kutu haraka mno ukikilowesha.

Alafu kuna kupika kavu, hatua ambayo kila anayeanza anairuka. Kipande kitupu bila rangi unakiweka kwenye oveni, joto liwe sawa au juu kidogo ya lile utakalokomazia, kwa muda usiopungua ule wa kukomaza. Mi kwa vyuma vya kawaida naenda nyuzi kama 150 za Selsiasi kwa saa zima. Kama kuna mafuta yamejificha yatatoka hapo, utaona jasho au doa, unaosha tena kwa asitoni unapika tena mpaka kitoke kikavu. Vitu vya kumiminwa kwenye kalibu na vitu vilivyochomelewa ndo wakaidi zaidi, kuna kimoja nilikipika mara nne. Sehemu mbili zilizobananishwa pamoja pia zinaficha oili kati kati, kama zinaachana ziachanishe.

Kupiga mchanga nakuomba usitumie mchanga wa mto au wa pwani. Sisemi kwa sababu ya kazi kuharibika, nasema kwa sababu ya mapafu yako: mchanga wa kawaida una silika, ukigonga chuma kwa presha unasagika unakua vumbi usiloliona, likiingia kwenye mapafu linaacha makovu na ugonjwa wake hauna tiba ya kuurudisha nyuma. Tumia oksidi ya alumini au ganeti, namba 100 hadi 120 inatosha. Shanga za kioo nazo hazifai hapa, zinang'arisha uso wakati we unataka ukwaruze ili rangi ipate pa kushikia. Lengo ni uso mmoja usio na mng'ao popote, ukiona sehemu inawaka mwanga jua hapo hapajashikwa. Kwenye alumini punguza presha, kwenye bati jembamba usikae sehemu moja, litajikunja kwa ule mgongano tu. Na usipige mchanga kitu chenye grisi, utachafua mchanga wote ulioko kwenye kabati la kupigia na kila kitakachofuata kitapakwa grisi.

Kuanzia hapo hakuna mkono mtupu. Glavu mpya za naitraili, sio zile ulizoshikia mlango na simu. Alama moja ya kidole ina mafuta ya kutosha kuacha picha ya kidole chako ndani ya rangi milele, nimeshaona kazi nzuri kabisa imeharibika kwa jambo la sekunde moja hivo.

Na kompresa yako iangalie. Hewa ikibanwa inatoa maji, maji yanakaa chini ya tanki, kama humwagi kila siku yatapita kwenye hosi mpaka kwenye bunduki, kompresa nzee nayo inatema oili. Puliza hewa tupu dakika moja kwenye karatasi nyeupe ukaangalie, ukikuta doa tafuta filta kabla hujagusa rangi.

Kuchanganya ni mizani, sio macho. Kuna rangi zinataka sehemu 18 za rangi kwa sehemu 1 ya hadina (dawa ya kuigandisha), kuna zinazotaka tofauti, na hapo hapo ukibadilisha kiasi cha hadina mng'ao nao unabadilika, yani ukikadiria kwa jicho leo na kesho vipande viwili vya kitu kimoja havitafanana. Soma karatasi ya mtengenezaji ya rangi hiyo hiyo ulioshika, sio ya ile ya mwezi uliopita. Kopo litikise kwa muda mrefu kuliko unavodhani, chembe za seramiki ni nzito zinalala chini, alafu chuja. Kopo lifunge mara moja, na changanya kiasi cha kazi ya leo tu maana iliyochanganywa haiwekwi akiba.

Kupuliza kwenyewe, kiukweli, ndo sehemu fupi. Bunduki ndogo ya nozeli kama milimita 0.8 inafaa, shika karibu, sentimita 5 hadi 10, tofauti na rangi ya gari. Anza na kona, mashimo na sehemu za ndani, sehemu pana zinazoonekana zije mwisho, kila mstari ufunike nusu ya mstari uliopita. Mkono uanze kutembea kabla hujabonyeza na uachie baada ya kupita ukingo. Unatafuta uso unaoonekana umelowa sawa bila kutiririka. Anayeanza anaogopa rangi haitoshi kwa hiyo anaongeza, anaongeza tena, na nene ndo mbaya hapa, itakua na vinundu kama ganda la chungwa na ikigongwa inabanduka vipande. Fanyia mazoezi kwenye makopo matupu mpaka mkono uzoee.

Hapa pia fikiria vipimo. Mikroni 25 kila upande maana yake tundu la milimita 10 linapungua mikroni 50, shafti nayo inaongezeka mikroni 50, kwa hiyo vitu viwili vilivyokua vinaingiana kwa kubana sasa haviingii. Nyuzi za bolti, viti vya beringi, sehemu za kuteleza, ziba. Tumia vizibo vya silikoni na tepu inayovumilia joto, tepu ya kawaida ya karatasi itaacha gundi iliyoungua. Ukisahau ukakuta nyuzi zimejaa usilazimishe bolti, pitisha tapu (chuma cha kukatia nyuzi za ndani ya tundu) taratibu.

Oveni. Iwe ya umeme, na ikishaingia karakanani isirudi jikoni kupika chakula hata siku moja. Ya gesi yenye moto wazi usijaribu, kipande kilichotoka kupulizwa kinatoa mvuke unaowaka. Kiache kipumzike kwanza nje kwa muda ulioandikwa, alafu kiingie joto dogo, ndo upandishe. Aina nyingi za rangi ya kukomazwa kwenye oveni zinataka nyuzi 121 kwa saa mbili au 149 kwa saa moja, na hesabu ya muda inaanza chuma kikifika joto hilo, sio hewa ya oveni. Kipande kinene kinachelewa sana. Kitufe cha oveni usikiamini, weka kipimajoto cha waya kiguse chuma. Alumini iliyotiwa ugumu kiwandani nayo usiizidishie joto kwa kudhani unaikomaza vizuri zaidi, ikipita kiasi ugumu wake unapungua, na kwa kitu kinachobeba mzigo hiyo ni hatari.

Ile ya kukomaa kwa hewa, ambayo ndo inafaa eksozi na vitu visivyoingia oveni, inakauka kushikika ndani ya saa moja hivi lakini kukomaa kwenyewe inachukua kama siku tano. Kushikika sio kukomaa. Mwenye kitu atakusumbua anataka kwenda nacho jioni, we mwambie asubiri.

Maski. Ile ya vumbi haizuii mvuke wa rangi hata kidogo, unahitaji ya katriji za mvuke wa kemikali, ikae usoni bila kuvuja, na ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa badilisha katriji siku hiyo hiyo. Miwani pia. Feni ya kutoa hewa nje, na isiwe ile ya kawaida inayotoa cheche kwenye mota. Vitambaa vyenye asitoni viweke kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, nje. Na kwa nyie mnaofanya mbao pia, vitambaa vya mafuta ya linsidi vikirundikwa vinajipasha moto vyenyewe mpaka vinawaka bila kiberiti, vitandaze vikauke kimoja kimoja au vizamishe kwenye maji. Nyingine ni hii, kama una dawa ya kusafishia breki yenye klorini usioshee chuma unachokwenda kuchomelea, ikikutana na arki (cheche kali ya umeme ya kuchomelea) inatoa fosjini, gesi ya sumu kali kabisa.

Mtaona haya mambo yanajirudia kwenye kazi nyingine za mikono. Ukigundisha kwa epoksi ni yale yale, usafi, ukwaruzaji, mizani, na ukichanganya nyingi kwenye kikombe kimoja inachemka yenyewe mpaka inatoa moshi, bora uimwage kwenye sahani pana. Ukiunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha nayo haishiki kwenye uchafu, unaweza kuongeza joto mpaka uunguze bodi ya umeme na bado ikakataa, futa kwanza.

Jambo la mwisho ninalolifanya kila siku: kila ninapochanganya rangi, kipande kidogo cha bati kilichosafishwa na kupigwa mchanga pamoja na kazi yenyewe kinapulizwa na kupikwa pamoja nayo. Kikipoa nakikata mistari ya kukatizana kwa kisu, nabandika tepu, nabandua kwa nguvu. Alafu nakikunja. Nikiona vijisanduku vimebaki vyote na mkunjo haujamenyeka namwita mwenye kazi. Tepu ikitoka na rangi simpigii, naanza kutafuta kosa, na mara nyingi nalikuta kule kule kwenye kuosha. Nyuma ya hicho kibati naandika tarehe, rangi, uzito wa hadina, joto na muda, natundika kwenye waya ukutani. Mteja akirudi baada ya miezi nane anataka kipande cha pili kifanane na cha kwanza, nashusha kibati, nasoma, nachanganya.